Ndege inaganda hewani, bili haigandi: saa zangu nne za simuleta

Nyota moja, na hiyo yenyewe nampa dada wa mapokezi aliyenikaribisha chai. Naweza kubadilisha mawazo kabla sijafika mwisho, kwa sababu kila nikiisimulia habari hii inanigeukia kidogo mdomoni. Lakini kwa sasa ni moja.

Kituo chenyewe cha simuleta, ile mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, sikitaji, wala mji wake. Marubani wa ukanda huu tunajuana kama wavuvi wa bandari moja, na mimi bado natafuta kazi.

Narusha Caravan, ndege ndogo ya abiria. Asubuhi Unguja, mchana Mafia, na msimu wa watalii ukifika nahamia Serengeti, ambako kabla ya kutua Seronera wakati mwingine inabidi upite kwanza chinichini uwafukuze pundamilia, ndipo uzunguke urudi. Kazi nzuri, siionei haya. Ila injini ni moja, magurudumu yako nje mwaka mzima, na sisi wa Caravan karibu sote tuna ndoto ileile. Basi mwishoni mwa mwaka jana, au ni mwanzoni mwa huu, shirika moja la ndege kubwa likajibu maombi yangu: njoo kwenye usaili wa simuleta. Nilikuwa na kama wiki tatu.

Kwa asiyeujua usaili huu: wanakuingiza kwenye simuleta ya jeti ambayo hujawahi kuirusha, wanakunyang'anya otopailoti, wanazima zile alama za kwenye skrini zinazokuonyesha pa kuelekeza pua, na nguvu za injini unazipanga mwenyewe kwa mkono. Unaruka, unapiga kona kali za nyuzi 45, unaingia kwenye mzunguko wa kusubiri zamu ya kutua, unateremka kwa ILS, yale mawimbi ya redio yanayokuongoza hadi barabara ya kutua, na ukianza tu kupumua injini moja inakufa. Hakuna anayetegemea uwe bingwa wa jeti ya Boeing 737. Wanataka kuona akili yako inabakiwa na nafasi kiasi gani wakati mikono imezidiwa.

Kwa hiyo mtu mwenye akili hununua saa chache za mazoezi kabla. Nami nikanunua nne, mbili leo mbili kesho, malipo ya mbele kwa dola. Pesa ile ningepata bodaboda mpya na mafuta ya mwezi. Mashine yenyewe sina neno nayo, na sifa zake utazisoma kokote. Ugomvi wangu ni na kitufe.

Mwalimu alikuwa mtu mzima, kapteni mstaafu, shati limepigwa pasi mpaka linakata. "Shikamoo, Kapteni." Akaitikia "marahaba" bila kuniangalia, akaweka begi lake kwenye kiti cha kushoto na chupa ya chai juu ya begi, akaenda kukaa nyuma kwenye kompyuta zake. Mimi nikakaa kulia. Nikasubiri atokee mtu wa kukaa kushoto. Hakutokea. Sasa usaili ule ni wa watu wawili: mmoja anarusha, mwenzake anasoma orodha, anaangalia, anakosoa. Nusu ya maksi iko kwenye mnavyozungumza. Kapteni wangu mimi alikuwa begi.

Haya, twende na begi.

Tukaruka. Jeti ni nzito, halafu injini zake zinaning'inia chini ya mabawa, kwa hiyo ukiongeza nguvu pua inanyanyuka yenyewe na ukipunguza inainama. Mwili wangu wa Caravan haukuwa na habari hizo. Nikavuta, nikasukuma, gurudumu la trimu, la kusawazisha pua, pembeni ya goti likawa linazunguka kwa kelele kama cherehani ya fundi wa Kariakoo. Noti za mwendo zikawa zinaniishia haraka kuliko zile za mfukoni. Nikapitiliza futi 10,000 nilizoambiwa, nikafika 10,200, na hapo ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza: tik.

Ni kitufe cha mwalimu cha kugandisha. Kila kitu kikasimama. Mawingu yakaganda, mishale ikaganda, hata mtikisiko ukakatika.

"Kijana," sauti ikatoka nyuma, "nilisema ngapi?"

"Elfu kumi, Kapteni."

"Na hiyo ni ngapi?"

Dakika mbili nzima za ngapi na ngapi. Kisha akaachia, nikarusha kama dakika tatu, nikakosea tena, tik. Siku ile ya kwanza aligandisha mara 11. Nilizihesabu kwa vijistari pembeni ya karatasi yangu. Ndege inasimama, mwalimu anasimama, mimi nasimama, ila saa ya ukutani kule nje inayohesabu dola haina kitufe.

Niseme haki: kugandisha kwenyewe si dhambi. Kuna mambo hayaelezeki wakati ndege inakwenda. Siku ya pili, mathalani, alinipeleka Nairobi, nikateremka kwa ILS ya barabara ya kutua namba 06. Kanuni tunaijua sote: chukua mwendo wako juu ya ardhi, zidisha kwa 5, unapata futi za kushuka kwa dakika kwenye mteremko wa nyuzi 3. Noti 140 mara 5, unapata 700. Nikaishika 700 yangu kama mtoto mtiifu, na mteremko ukaanza kuniacha, mimi juu, wenyewe chini. Tik.

"Uko Dar?"

"Hapana, Kapteni. Nairobi."

"Nairobi iko futi ngapi?"

Zaidi ya 5,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyepesi. Kipima mwendo kinasoma 140, kumbe ndege inakwenda kama 155. Mara 5 ni 775. Mtu wa pwani kama mimi, ambaye viwanja vyake vingi unasikia harufu ya chumvi ukifungua mlango, hesabu hii hainijii yenyewe. Lilikuwa somo zuri na ningelipokea kwa mikono miwili.

Ila simu yake ikaita, akapokea.

"Mchanga si huu. Mimi nilisema mchanga wa mto. Huu una udongo." Kimya kidogo. "Usimwage! Mwambie dereva asimwage!"

Nikaelewa mzee anajenga. Mimi nimening'inia juu ya hifadhi ya Nairobi, magurudumu yako nje, flapsi za mabawa ziko nje, ndege haiendi mbele wala hairudi nyuma, na kule kuna lori la mchanga lisilotakiwa kumwaga. Nilikuwa na saa ya kuhesabia mizunguko ya kusubiri. Nikaibonyeza. Dakika 6 na sekunde 40. Sijawahi kulipia mchanga wa mtu kwa bei ile.

"Tulikuwa wapi?"

"Kwenye 775, Kapteni."

Akanirudisha maili 12 nyuma nianze upya. Kichwani nina 775, 775, na chini yake nina mchanga, mchanga. Nikashika mteremko vizuri, nikafurahi, nikaanza kupeleka mkono kwenye flapsi za kutua. Tik.

"Kuna kitu kimoja kidogo," akasema polepole, ili na fundi wa mashine aliyekuwa mlangoni asikie, "hujakiteremsha. Lakini sikulaumu. Nyinyi wa vindege vya porini mnazaliwa nayo yako nje."

Fundi akacheka.

Nimetukanwa na abiria aliyekosa ndege, nimefokewa na mnara, sijawahi kusikia damu ikinipanda vile. Na kinachouma ni kwamba ni kweli, nilisahau magurudumu. Lakini angeniacha sekunde chache tu, honi ya ndege yenyewe ingeanza kupiga kelele, ningeshtuka, ningekatisha kutua, ningerudi juu nijipange. Hilo nalo ni zoezi, pengine ndilo zoezi lenyewe. Kitufe chake kiliniibia.

Muda ukaisha kabla hatujalifanyia haki zoezi la injini kufa. Saa nne, na ule mguu wa kuizuia ndege isivutwe upande wa injini iliyokufa, nilioupanga kama jambo la kwanza, nikaufanya mara moja tu, na nayo ikagandishwa. Nikaenda mapokezi kuomba angalau zile dakika za mchanga. Dada akanionea huruma kwa macho, mdomo ukasema, "Kaka, saa ya simuleta ni saa ya simuleta." Ndipo akaniletea chai. Meneja yuko safarini, bila shaka. Meneja huwa safarini.

Wakati natoka, mzee akanifuata hadi kwenye ngazi. Nikajua sasa anaomba radhi. Wapi. Akachana karatasi kwenye daftari, akanipa, akageuka. Hakusema hata safari njema. Ilikuwa na tarakimu tupu kwa mwandiko mbaya: mwendo huu, pua nyuzi ngapi, nguvu asilimia ngapi. Noti 250 bila flapsi, pua kama 5, nguvu kama 60. Kwenye mteremko na magurudumu chini, pua 2 na nusu, nguvu 55. Chini kabisa ameandika: weka namba, subiri, usikimbizane nayo.

Nilitaka kuitupa. Sikuitupa.

Wiki mbili zilizobaki nilizifanyia nyumbani, bure, na hapa nawashauri walio na usaili wafikirie kabla ya kutoa dola. Nilichapisha picha ya chumba cha rubani ukubwa wa kweli kwenye duka la steshenari, nikaibandika kwenye kabati, nikaweka viti viwili. Kushoto nilimkalisha mtoto wa mwenye nyumba, wa darasa la sita, nikampa orodha asome. Akaisoma kwa Kiingereza chake cha shule, kwa sauti ya kiranja, na tofauti na begi, nilipokosea aliniambia. Umeme ukikatika tuliendelea na tochi. Kila usiku mzunguko wa kusubiri: dakika moja ya kwenda, upepo ukinisukuma nyuzi 5 naielekeza pua nyuzi 15 dhidi yake wakati wa kwenda, nageuka. Karatasi ya mzee nikaibandika katikati ya kioo. Mke wangu alisema nimeanza kulala nikitaja asilimia.

Sasa usaili wenyewe. Nilipangwa na binti mmoja mtulivu sana, mwenye saa chache kuliko mimi, anayejua kusikiliza. Kuruka, safi. Namba za mzee, safi kupita kiasi. Naweka pua, naweka nguvu, nasubiri, na ndege inakaa kama imeambiwa. Nikaanza kumsamehe angani.

Kisha kona kali ya kushoto. Macho yalichelewa, nikapoteza futi 150. Na mikono yangu, nawaapia, ikalegea yenyewe. Ikalegea ikisubiri tik.

Haikuja. Ndege ikaendelea kuzama, kama ndege inavyofanya usipoirusha. Kwa sekunde tatu au nne nilikuwa abiria kwenye ndege yangu mwenyewe. "Futi 250 chini," binti akasema, bila kupandisha sauti. "Nasahihisha," nikasema, nikasahihisha, tukaendelea. Injini ilipokufa tulishirikiana vizuri. Magurudumu niliyaomba mapema, kwa sauti ambayo nadhani hata fundi wa kule alinisikia.

Kwenye kikao cha baadaye msaili alipitia mambo mengi kwa upole. Kwenye ile kona akasimama. "Kupoteza futi 150 si tatizo. Lakini baada ya hapo ulinyamaza kidogo. Ulikuwa unasubiri nini?"

Ningemwambia nini? Tik? Nikasema nilichelewa kuona. Akaandika kitu.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa: sijafeli, na sijaajiriwa. Nimewekwa kwenye orodha ya kusubiri hadi nafasi zitakapopatikana. Kwa hiyo hata sasa nazunguka, dakika moja ya kwenda, dakika moja ya kurudi.

Ndiyo maana hukumu inanisumbua. Bila karatasi ile nisingefika hata kwenye orodha. Simuleta tatu za mafunzo nimekalia, hakuna mtu aliyewahi kunipa jambo lenye faida kiasi kile kwenye nusu karatasi. Na 775 sitaisahau mpaka nazikwa. Basi tuseme nyota tatu. Tatu ni haki.

Hapana. Dakika 6 na sekunde 40. Mbili.

Juzi dogo mmoja wa kiwanjani, naye kaitwa usaili, kaniuliza aende wapi kujiandaa. Nikamtajia jina la kile kituo na nambari ya simu, nikajishangaa mwenyewe. Nikamwambia: kabla hujalipa, omba mtu wa kukaa kiti cha pili, na mwambie mzee asiguse kitufe mpaka mtue au mwanguke. Akikubali, omba na karatasi, hatoi mpaka mwisho. Akikupeleka Nairobi, 775. Na magurudumu, dogo. Magurudumu.