Balbu janja kwenye nyumba ya zamani: uzoefu wangu Jinja

Kama nyumba yako ni ya zamani, chunguza holda kwanza, balbu baadaye. Hilo namwambia kila anayeniuliza kuhusu hizi taa za kuwashwa kwa simu, kwa sababu dukani hakuna atakayekwambia.

Nyumba yetu ya Jinja ni ya miaka ya 1950, enzi ambazo bwawa la Owen Falls lilifunguliwa, mwaka 1954, na mji ukaanza kujaa viwanda. Kuta ni nene, dari iko juu, na holda zote ni za Kiingereza, zile za pini mbili unazosukuma kisha unazungusha. Kwenye pakiti huandikwa B22. Balbu janja nyingi nilizokuta Kampala ni za skrubu, yaani E27, na wauzaji wanasema chukua tu adapta. Adapta inafanya kazi, ila inaongeza urefu, na balbu janja tayari ni ndefu na nzito kuliko ya kawaida kwa kuwa shingoni imebeba redio na saketi yake. Ukiongeza adapta, balbu inatokeza nje ya kifuniko. Tena springi za holda za miaka hiyo zimechoka. Uzito ukivuta, pini hazigusani vizuri, taa inapepesa, na pale pasipogusana sawasawa panapata moto. Tafuta B22 yenyewe hata kama itakubidi kuisubiri.

La pili ndilo lililonigusa zaidi. Taa ya korido ilikuwa inabaki na mwanga hafifu hata baada ya kuzimwa. Fundi alipopima akasema, "Dada, swichi hii inakata nyutro. Laivu iko kwenye holda muda wote." Maana yake, swichi ilikuwa inakata waya wa kurudisha umeme badala ya ule unaouleta, na mtu akipanda kubadilisha balbu huku akiamini amezima, anaweza kupigwa na umeme wa volti 240. Kwa balbu za zamani za waya hungejua, kwa sababu umeme kidogo unaovuja hautoshi kuziwasha. LED inahitaji kidogo sana, ndiyo maana inakuonyesha. Habari za programu ya simu zilisimama hapo mpaka swichi zote zilipokaguliwa na holda zilizochakaa zikabadilishwa. Kazi hiyo ilinigharimu kuliko balbu zenyewe, na ningeilipia tena leo. Yeyote anayeishi kwenye nyumba za rika hili, ziwe za Jinja, za Tororo au kota za reli, naomba ampate fundi wa kupima kabla ya kununua chochote.

Sebuleni kulikuwa na swichi ya zamani ya kuzungusha ili kupunguza mwanga. Hiyo iliondolewa. Balbu janja inajipunguza yenyewe, na ikipewa umeme uliokwisha kukatwakatwa na swichi ya aina hiyo hupepesa na kulia. Bafuni taa iko ndani ya kioo kilichofungwa pande zote, na joto ndilo adui mkubwa wa saketi ile ya shingoni, kwa hiyo huko sikuweka balbu janja kabisa.

Sasa utumiaji wenyewe. Balbu niliyochagua ni ya wati 9, mwanga wake unalingana na ule wa balbu ya zamani ya wati 60, na inatumia Wi-Fi ya gigahezi 2.4 peke yake. Kuiunganisha hakukuwa na shida, na kuta zetu nene haziizuii. Shida ni swichi ya ukutani. Ukizima pale, balbu haina umeme na simu haiioni tena. Na sisi watu wa Yaka, yaani mita za umeme wa kulipia kabla, tumelelewa hivyo: hakuna anayepita kwenye swichi iliyowashwa asiizime. Nimewaeleza wa nyumbani kwamba balbu ikiwa inasubiri tu hula kama nusu wati, yaani kama uniti 0.36 kwa mwezi mzima, lakini mkono una mazoea yake. Mwishowe swichi ya korido nikaifunika kwa kiboksi cha plastiki.

Korido hiyo ndiyo iliyonifanya nizipende balbu hizi. Swichi iko upande wa sebuleni, chumba cha Mama kiko upande wa pili, na macho na magoti yake si ya jana. Zamani, akiamka usiku kwenda msalani, ilibidi apapase ukuta gizani mpaka aifikie. Sasa jua likizama taa inawaka kwa asilimia 10, rangi ya njano tulivu, mpaka alfajiri. "Mwanangu, hii usije ukaing'oa," ameniambia, na sitaing'oa.

Umeme ukikatika kuna mawili ya kujua. Ukirudi saa nane usiku, balbu nyingi huwaka kwa nguvu zote hata kama zilikuwa zimezimwa. Ndani ya programu kuna mpangilio wa kuiambia irudi hali iliyokuwa nayo. Ubadilishe siku ya kwanza. La pili, nyingi husahau kila kitu zikiwashwa na kuzimwa haraka haraka mara kadhaa, kwa hiyo umeme ukichezacheza kabla ya kutulia unaweza kukuta balbu inawaka na kuzimika ikingoja kuunganishwa upya.

Na intaneti. Wengi wetu tunatumia bando, na tunakumbuka Januari 2021 mtandao ulipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi. Balbu inayongoja amri kutoka seva ya ng'ambo haifai hapa. Yangu inapokea amri kwa Bluetooth pia. Bila hilo nisingeinunua.

Vyumbani nilifikiria swichi janja badala ya balbu, ili mtu azime ukutani kama alivyozoea. Nyingi ya swichi hizo zinataka nyutro ndani ya boksi la swichi, na nyumba za rika hili hazikuipitisha hapo. Ungelazimika kuchimba ukuta na kuvuta waya mpya. Huko nimeweka LED za kawaida za pini, na zinatosha.