Makumbusho ya Uganda, Kitante, Kampala: liangalie jengo kwanza

Wengi wakifika hapa huingia moja kwa moja kutafuta ngoma na mikuki. Mimi kazi yangu ni ujenzi, kwa hiyo nilisimama nje upande wa Kira Road nikilikagua jengo mpaka mwenzangu, Mkongo wa Bunia, akachoka. "Kaka, tumekuja kutembea au kulinunua?"

Ni refu, limelala chini, halina mbwembwe. Akili yake iko ndani. Madirisha yamepandishwa juu karibu na dari: mwanga unashuka bila jua kuvichoma vitu, joto linapanda na kutoka, ukuta wa chini unabaki huru kwa maonyesho. Saa nane mchana, nje jasho, ndani shwari. Siku hizi mjini tunapandisha vioo vitupu, halafu mwenye jengo analia na bili ya kiyoyozi.

Aliyelichora ni Ernst May, Mjerumani aliyejenga mitaa mizima ya makazi Frankfurt miaka ya 1920, baadaye akaja kulima Tanganyika. Hata Kololo na Naguru, vitongoji vya Kampala, aliwahi kuzipangia ramani. Makumbusho yenyewe yalianza 1908 kule Old Kampala, yakaingia jengo hili 1954. Mwaka 2011 serikali ilitaka kulivunja lipishe mnara wa biashara wa ghorofa 60, watetezi wa urithi wakaenda mahakamani. Ghorofa 60! Na lifti ikigoma?

Mawe na visukuku nilivipita haraka. Pa kukaa ni kwenye ala za muziki. Kuna amadinda, vibao 12 vinavyopigwa na watu wawili waliokaa wakitazamana, pigo la mmoja likiingia kwenye nafasi ya mwenzake, huku wa tatu akishika vile viwili vidogo vya mwishoni. Kosa nusu sekunde, mmewaharibia wote. Endongo, kinubi cha Baganda, huwambwa ngozi ya kenge. Inama karibu uone magamba. Mkongo wangu, aliyekuwa akiharakisha, hapo hakubanduka.

Nyuma kuna nyumba za kienyeji za makabila mbalimbali. Ingia, halafu tazama juu: fito zimefungwa pete kwa pete kuelekea kileleni, na hakuna msumari. Mafundi wenzangu, pelekeni vijana wenu wanaojifunza kazi. Ila siku za wiki asubuhi mabasi ya shule hujaa, na nyumba hizo ni ndogo, nendeni mchana.