Tathmini ya PostGIS kwa ramani za Lamu: tupu si sawa na kukosekana

Dema lililopandishwa likakutwa halina samaki si sawa na dema ambalo bado liko chini ya maji. La kwanza limekwisha kutoa jibu, nalo ni kwamba hamna kitu. La pili halijajibu. Anayetunza ramani za mikoko ya Pate, nyumba za Mkomani na Langoni au visima vya vilima vya mchanga vya Shela hukutana na tofauti hiyo kila siku, na programu ya kuhifadhi ramani inafaa kupimwa kwa jinsi inavyoiheshimu. PostGIS inaiheshimu kuliko nyingi. Ni nyongeza ya PostgreSQL, hifadhidata inayoulizwa kwa lugha ya SQL, ni ya bure, na inakaa kwenye laptop bila kuhitaji intaneti. Lakini ina mitego ambayo haitoi onyo, na hesabu huharibika bila kosa lolote kuonekana.

Kiwanja ambacho hakijapimwa huandikwa NULL, yaani thamani haipo. Kiwanja kilichokokotolewa kikaonekana hakina sehemu yoyote huandikwa POLYGON EMPTY. Kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, vyote viwili havichorwi, kwa hiyo jicho haliwezi kuvitenganisha. Hoja hii, yaani swali la SQL, ndiyo huvitenganisha (geom ni safu ya umbo):

SELECT count(*) FILTER (WHERE geom IS NULL), count(*) FILTER (WHERE ST_IsEmpty(geom)) FROM viwanja;

Iendeshe kila mara baada ya kuingiza data, kabla ya kazi nyingine yoyote.

Madhara yake huonekana kwenye wastani. Chukua viwanja viwili vya mita za mraba 120 na 80, kisha ongeza cha tatu. Kikiwa NULL, ST_Area, inayokokotoa eneo, hurudisha NULL, AVG, ya wastani, hukiruka, na wastani unabaki 100. Kikiwa tupu, ST_Area hurudisha 0, AVG hukihesabu, na wastani unashuka hadi 66.7. Majibu yote mawili ni sahihi kwa kanuni zake. Kosa ni kutojua unauliza lipi. Umbali nao una desturi yake: ST_Distance kwa jiometri (umbo la ramani) tupu hurudisha NULL, wala si 0.

Hatari zaidi ni maswali ya kukanusha. ST_Intersects, inayouliza kama maumbo mawili yanakutana, ikipewa jiometri tupu hujibu hapana. Ikipewa NULL haijibu kitu. Basi ukiomba viwanja visivyoguswa na hifadhi ya mikoko kwa NOT ST_Intersects, vile vitupu vyote vitaingia kwenye orodha kana kwamba viko salama, na vile ambavyo havijapimwa vitatoweka humo kimyakimya. Orodha ya namna hiyo ikifika mezani kwa watu wanaogombea mpaka, ni msiba. Sharti la ziada ni fupi: AND geom IS NOT NULL AND NOT ST_IsEmpty(geom), kisha toa orodha ya pili ya viwanja vilivyobaki nje.

Kinachochosha katika PostGIS ni kwamba fanksheni zenyewe hazikubaliani namna ya kusema hamna. Kiwanja cha upana wa mita 3.5, jambo la kawaida kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ukikipunguza mita 2 kila upande kwa ST_Buffer(geom, -2) unapata POLYGON EMPTY. Kiwanja hichohicho ukikipitisha kwenye ST_SnapToGrid, inayosogeza nukta kwenye gridi, yenye gridi kubwa kuliko upana wake, kinaweza kuporomoka na kurudi NULL. Hapo NULL haina tena maana ya kutopimwa. Ni kwamba kipimo kilikuwa kikubwa mno. LEFT JOIN nayo, inayounganisha majedwali mawili, huleta NULL pale ambapo hakuna kilichokutana. Kwa sababu hiyo NULL peke yake haitoshi kueleza chanzo chake. Weka safu ya maandishi, iite hali, yenye maneno kama haijapimwa, imepimwa, imeporomoka. Safu hiyo moja inaokoa kazi kuliko hila yoyote ya hoja. (Na vipimo hivi vya mita vinahitaji mfumo wa majira wa EPSG:32737, yaani kanda ya UTM 37 kusini; ukibaki kwenye 4326, mfumo wa longitudo na latitudo, hiyo -2 itasomwa kuwa digrii na kila kiwanja kitakuwa kitupu.)

Kukata ramani moja kwa nyingine kwa ST_Intersection kuna tatizo lake. Matoleo ya zamani yalirudisha GEOMETRYCOLLECTION EMPTY pale poligoni mbili zisipokutana, na safu iliyotangazwa kuwa ya poligoni huikataa. Poligoni zinazogusana ukingoni tu hurudisha mstari au nukta, nazo hukataliwa. Dawa ni hatua tatu: chuja kwanza kwa ST_Intersects, ambayo pia hutumia indeksi, zungushia matokeo ST_Multi(ST_CollectionExtract(..., 3)) ili zibaki poligoni pekee kwenye safu ya MultiPolygon, mwisho ondoa tupu zilizosalia.

Kuhusu ulinzi wa jedwali, wengi huweka sharti la CHECK (NOT ST_IsEmpty(geom)) wakadhani mlango umefungwa. Haujafungwa. ST_IsEmpty ya NULL ni NULL, na CHECK hupitisha lolote lisilo uongo dhahiri. Lazima uongeze NOT NULL, ikiwa kweli hutaki rekodi zisizo na umbo.

Ukilinganisha na wenzake: MySQL, hifadhidata nyingine, inatambua aina moja tu ya jiometri tupu, nayo ni ya mkusanyiko, na indeksi yake ya ramani haikubali safu yenye NULL, kwa kazi ambayo nusu ya viwanja bado havijapimwa, hilo linakubana. Shapefile, aina ya faili ya ramani, ina umbo la namba 0 lisilo na kitu, basi. Ukiihamishia data, tofauti yako yote imekwenda. GeoPackage, aina nyingine ya faili, ina alama maalumu ya jiometri tupu, kwa hiyo ndiyo ya kumpelekea mwenzako aliye Faza au Mpeketoni kwa flashi. Mwambie afungue na kuhesabu tena, kwa kuwa zana ya QGIS ya kuondoa jiometri za NULL huacha zile tupu mpaka uweke alama kwenye chaguo lake la pili.

Bado kuna rekodi ambazo si NULL wala si tupu, ila ni batili: nukta za 0,0. Hutokea fomu ya simu ikijaza sifuri mahali pa GPS iliyokosa. PostGIS haina kosa hapa. ST_MakePoint ikipewa NULL hurudisha NULL kama inavyostahili, lakini ikipewa sifuri inaamini. Kisima cha Shela kitaonekana kwenye Ghuba ya Guinea, zaidi ya kilomita 4,500 magharibi. Lamu iko karibu na longitudo 40.9 na latitudo -2.27, kwa hiyo tumia NULLIF(lon, 0) na NULLIF(lat, 0), zinazogeuza sifuri kuwa NULL, wakati wa kuingiza, na longitudo itangulie.