Anajua Utakufaje, Halafu Anakuuzia Bima: The X-Files, Msimu wa 3, Episodi ya 4

Karibuni wadau, kaeni vizuri, na kama una chai isogeze. Leo narudi nyuma mpaka 1995. Natoa tahadhari mapema: nitamwaga mchele, na kuku mpo wengi. Kama hujaiona na hutaki kujua mwisho, simamisha video hapa, nenda kaangalie, urudi. Jingine ni zito kidogo. Mwishoni kuna mtu anajitoa uhai. Kama jambo hilo linakugusa kwa karibu, dakika tano za mwisho unaweza kuziacha, hakuna atakayekudai.

The X-Files wengi mnaijua. Kama huijui, ni hivi: mpelelezi wa FBI anaitwa Fox Mulder, anaamini kila kitu, mizimu, viumbe wa sayari nyingine, wewe taja tu. Mwenzake ni Dana Scully, daktari, haamini mpaka apasue maiti aone mwenyewe. David Duchovny na Gillian Anderson. Wanapewa kesi ambazo polisi wa kawaida wameshindwa kuzielewa. Yatosha, tuingie ndani.

Episodi yenyewe inaitwa "Clyde Bruckman's Final Repose". Ilirushwa Oktoba 13, 1995, siku ya Ijumaa. Ijumaa ya tarehe 13, siku ambayo Wamarekani wanaiona ya mkosi. Tamthilia yenyewe wakati huo ilikuwa ya Ijumaa, lakini kalenda nayo ina utani wake.

Hadithi inatokea St. Paul, jimbo la Minnesota. Kuna mtu anaua watabiri. Wapiga ramli, wasoma viganja, wasoma majani ya chai, anawamaliza mmoja mmoja, anawatoa macho na matumbo. Sasa angalia alichofanya mwandishi, Darin Morgan. Muuaji anakuonyesha dakika za mwanzo kabisa. Unamwona sura, kijana mnyonge tu, mtu ambaye ukikaa naye siti moja kwenye daladala humkumbuki. Anaingia kwa mtabiri, anauliza habari za kesho yake, kisha anamuua. Yaani lile swali la "nani kafanya" limetupwa nje kabla hata wimbo wa mwanzo haujapigwa.

Sasa dakika zote zilizobaki utafanya nini? Hapo ndipo utamu ulipo. Swali linalobaki ni moja: kujua kuna faida gani?

Polisi wa pale wameshachoka, wamemwita mtaalamu. Wewe mtazamaji unadhani ni Mulder. Siye! Ni mtabiri wa kwenye televisheni, anaitwa Yappi, nyusi zinacheza peke yake, mikono iko hewani, sauti ya kutetemesha. Anazungukia chumba cha mauaji, anamfukuza Mulder kwamba ana nguvu mbaya zinazomzuia kuona. Mulder jamani! Mtu pekee pale ndani anayeamini mambo hayo, ndiye anayetolewa nje. Kisha Yappi anatoa ufunuo wake: muuaji ni mwanaume mzungu, umri kati ya miaka 17 na 34, ana ndevu au hana, labda ana tatuu. Ana ndevu au hana! Na askari wanaandika, wameridhika, kesi imeiva.

Hapa nilicheka mpaka nikakohoa, kwa sababu Yappi tunaye. Tembea Dar yoyote, angalia nguzo za umeme: mganga, anarudisha mpenzi, anasafisha nyota, mali iliyoibwa inarudi, kisha namba ya simu. Kuna nguzo moja karibu na kwangu ina waganga watatu juu yake na umeme wenyewe haupo. Hata siku moja bango halikuambii "nimeona kitu kibaya na siwezi kukusaidia." Biashara itakufa.

Na huyo aliyecheza Yappi, Jaap Broeker, kazi yake ya kila siku pale ilikuwa kusimama mahali pa Duchovny wakati mafundi wanapanga taa na kamera. Mtu wa kusimama tu. Morgan akamwona uso ule, akampa nafasi, na mtu hasahauliki mpaka leo.

Haya, tumfikie mwenyewe. Clyde Bruckman. Mzee wa makamo, suti imemchosha, anaishi peke yake, anauza bima ya maisha. Na anaona. Anaona kweli. Lakini anaona kitu kimoja tu: kila mtu atakufa vipi.

Kuna sehemu nimeirudia mara nne nikiandaa video hii. Bruckman yuko sebuleni kwa mume na mke vijana, karatasi za bima ziko mezani. Kijana anasitasita, unajua ile ya "tutafikiria, tutakutafuta". Bruckman anamtazama. Kisha bila kupandisha sauti anamwambia: miaka miwili kutoka sasa, uko barabarani, dereva mlevi anakuja upande wako, uso kwa uso, unamwacha mkeo na mtoto. Anasema kama karani anayekusomea bili ya maji. Hatishi, na wala mtu hasaini. Anayoyasema ni kweli tupu, na hakuna mtu duniani aliyewahi kununua kitu kwa kuambiwa hivyo.

Peter Boyle ndiye aliyecheza. Angalieni macho yake, hayana mshangao. Waigizaji wengi wakipewa nafasi ya mtu mwenye maono wanakodoa, wanashika kichwa, wanadondoka chini. Boyle anachoka tu. Anaona kifo chako jinsi wewe unavyoona foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni. 1996 akapewa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ile ya mwigizaji mwalikwa, na Morgan naye akapata ya uandishi. Sina ugomvi na tuzo hizo hata moja.

Kesi inawakutanisha, na Mulder anampenda mzee papo hapo. Anamletea vitu ashike aseme ni vya nani, na Bruckman anakosa, anakosa, anakosa. Kuna kitambaa anakishika, anatoa habari nzito kweli, kumbe Mulder kakikata kwenye fulana yake ya timu ya mpira wa kikapu, Knicks. Mulder uso umemshuka. Alitaka nabii, kapata wakala wa bima. Kisha wanatoka kutafuta maiti porini, wanazunguka weee, hawaoni kitu, wanakata tamaa, wanarudi kwenye gari, gari limenasa kwenye tope. Wanakanyaga mafuta, tairi linazunguka, tope linaruka. Na maiti iko hapohapo chini ya tairi.

(Mapori yale si ya Minnesota, kama ulijiuliza. Misimu mitano ya kwanza walipigia picha Vancouver, Kanada. Ndiyo maana kila mtu kwenye X-Files analowa mvua.)

Mulder anamuuliza mzee, ulianzaje kuona? Jibu lake linahusu kitu kilichotokea kweli. Februari 3, 1959, ndege ndogo ilianguka karibu na Clear Lake, Iowa, ikaua wanamuziki watatu, Buddy Holly, Ritchie Valens na yule aliyejiita The Big Bopper, pamoja na rubani. Bruckman anasema alikuwa mpenzi wa Big Bopper, akasikia kwamba kiti kile alikipata kwa kurusha sarafu. Basi akaanza kuwaza. Sarafu imeangukaje upande ule? Vitu vingapi vilibidi vitokee tangu mtu anazaliwa mpaka sarafu ianguke hivyo? Akawaza miaka na miaka, mpaka akawa anaviona.

Mimi mtu wa kufukunyua, nikaenda kuangalia. Aliyepata kiti kwa sarafu ni Valens. Big Bopper alikuwa na mafua, akaomba kiti cha Waylon Jennings, mwanamuziki wa bendi ya Holly, akapewa. Kwa hiyo ama mwandishi kateleza, ama Bruckman kaharibu maisha yake yote kwa kuwaza sarafu ambayo haikurushwa. Ningekuwa mimi ningeshikilia hilo la pili, linamfaa zaidi mzee wetu.

Na kwa kuwa tumeshaanza kufukunyua: jina Clyde Bruckman lenyewe si la kubuni. Alikuwepo mwandishi na mwongozaji wa vichekesho vya enzi za filamu zisizo na sauti, aliyefanya kazi na Buster Keaton, mchekeshaji nguli wa enzi hizo, akajitoa uhai 1955. Polisi mmoja humu anaitwa Cline, mwingine Havez, nao ni watu waliofanya kazi na Keaton. Morgan kachukua majina ya wachekeshaji waliokufa akayatia kwenye hadithi ya vifo, halafu hakusema. Ukijua unajua.

Kasoro? Zipo. Polisi wamechorwa wapumbavu mno, nilitamani hata mmoja awe na akili. Na jinsi muuaji anavyopatikana mwishoni ni bahati juu ya bahati: Scully anapanda lifti ambayo siyo, mlango unafunguka jikoni kwa hoteli, kumbe Mulder yuko pale pale na kisu kinamshukia. Risasi moja. Muuaji anaanguka amekasirika, analalamika kwamba haikutakiwa iwe hivi, maana naye alikuwa anaona ya mbele. Kwenye tamthilia nyingine ningesema mwandishi kakwama akaitisha miujiza. Humu siwezi, kwa sababu tangu stori ya sarafu mzee alishatuambia kwamba mambo yote yanakwenda hivyo.

Kabla ya hapo muuaji na Bruckman wanakutana chumbani hotelini. Polisi wamemficha mzee pale, kumbe muuaji ni mhudumu wa hoteli hiyohiyo, kaja na chakula. Wanatambuana. Wewe roho iko mkononi, wao wanaongea kama majirani. Mzee anamwambia, saa hii huniui. Kijana anauliza, kwa nini? Mzee: nitajuaje mimi? Kisha kijana anauliza swali lililomtesa episodi nzima, kwa nini anafanya haya anayofanya. Na Bruckman anamjibu kwa upole, kama baba, kwamba mwanangu, unafanya hivi kwa sababu wewe ni kichaa unayeua watu. Kijana anafikiri... anakubali. Kweli, hilo linaeleza mengi.

Ndoto ya mzee nayo. Kila usiku anaota amelala amekufa kwenye shamba la maua ya tulipu. Unaona ngozi inageuka rangi, nyama inaporomoka, mifupa, udongo. Kwa macho ya leo mshono wa kompyuta unaonekana, sikatai. Lakini sauti ya Boyle inasimulia taratibu juu ya picha ile, na akimaliza anamtakia Mulder usiku mwema. Mulder wa watu usingizi wote umekata.

Sasa Scully. Yeye hamwamini mzee hata chembe, ila ndiye anayemfanyia utu. Wakiwa hotelini anamuuliza, nusu utani: haya, mimi nitakufaje? Mzee anamwangalia. Kwa Kiswahili jibu ni neno moja: "Hufi."

Mashabiki wamelibishania neno hilo miaka na miaka. Sisi tuliokulia vibanda umiza hatuna la kubisha. Stelingi hafi! Tuliambiwa tangu tuna miaka saba, tumebanana kwenye benchi, jasho linatutoka.

Lakini kuna utabiri mwingine aliompa Scully, kwamba wataishia kitandani pamoja, amemshika mkono, machozi yanatoka. Scully anacheka, mzee mtundu huyu. Mwisho wa episodi anamkuta Bruckman kitandani, ameshajitoa uhai. Anakaa pembeni ya kitanda, anamshika mkono. Kila neno limetimia. Muziki wa Mark Snow pale unashuka mpaka karibu usiusikie.

Naipa 9 kati ya 10, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya wale polisi.

Niliirudia Jumapili nikiwa na mama. Kiingereza hakimpandi sana, nilikuwa namtafsiria. Yappi alimwelewa bila msaada wangu, akasema huyu ana bango pale stendi. Pale kitandani alinyamaza kabisa. Mzee aliacha barua: jirani yake wa chini, mama mtu mzima, amefariki, na kuna mbwa mdogo, mtulivu, Scully amchukue akipenda. Picha ya mwisho Scully yuko kwake na mbwa, kwenye televisheni anatokea Yappi na tangazo lake, na Scully anairushia simu.

Mama akauliza, "Mbwa ndo' amepata kwao?"

Nikamwambia ndiyo mama, amepata kwao. Mimi hiyo episodi ya 22 ya msimu huohuo nimeshaiona, na kinachompata yule mbwa nakijua. Nikainuka nikaenda kuchemsha chai.