Eksoskeletoni ya kubebea mzigo: shokapu ya goti ndo kila kitu

Wiki ya tatu sasa tangu nianze kuvaa hii eksoskeletoni ya miguu (fremu unayoivaa nje ya miguu ikusaidie kubeba mzigo), begi la kilo 25 mgongoni karibu kila siku niliyokuwa nayo, na nataka niongelee shokapu ya goti maana mengine yote (mikanda, fremu, rangi) ni ya kawaida tu.

Haina betri wala mota. Uzito wa begi unapita kwenye fremu mpaka chini ya kiatu, na pale kwenye goti kuna silinda ndogo ya oili yenye skrubu ya kukaza na kulegeza, ndo shokapu yenyewe.

Kushuka ngazi ni raha aisee. Ukiwa unashuka goti ndo breki yako, misuli ya paja inajikaza huku inarefuka ili usidondoke, na mzigo ukiwepo paja linawaka moto. Hapa unakanyaga, unasikia fyuuu ya oili ikipenya kwenye kitundu, goti linakunja polepole. Siku ya kwanza nilishuka ghorofa sita nikasimama chini nikasubiri mapaja yatetemeke kama siku zote, wapi!

Shida ni tambarare. Mguu ukishakanyaga goti linakunja kidogo tu, digrii 15 mpaka 20 hivi, ila ukiwa hewani linakunja karibu digrii 60 na hapo hutaki kitu chochote kilizuie. Sasa shokapu ya skrubu moja itajuaje mguu uko chini au juu? Ukikaza kwa ajili ya ngazi, kwenye tambarare mguu unabaki nyuma, ncha ya kiatu inakwaruza chini, mi nimejikwaa mara mbili na mzigo mgongoni. Ukilegeza unatembea vizuri afu ukifika ngazini goti linazama. Muuzaji ananiambia utazoea, hapana, hili sio la kuzoea, ni la kutengeneza.

Na dawa yake inajulikana zamani. Timu ya mtafiti Hugh Herr pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, kwenye miaka ya 2006 na 2007, waliweka gotini shokapu ya oili yenye chembechembe za chuma, ukiwasha sumaku oili inakuwa nzito ndani ya milisekunde, ukizima inaachia, kwaiyo goti linakaza mguu ukiwa chini tu, na umeme ulikuwa wati 2 hivi. Hata hao, mzigo wa zaidi ya kilo 30 ulishuka ardhini kwa sehemu kubwa lakini mvaaji bado alitumia nguvu kama asilimia 10 zaidi ya aliyebeba mzigo huohuo kwenye begi la kawaida bila fremu. Kwaiyo ukiambiwa utatembea kama huna mzigo, usikubali.

Kingine joto. Nguvu yote ya kushuka inaishia kwenye oili, mteremko wa dakika 20 silinda huishiki kwa mkono, oili imekuwa nyepesi na goti linazama haraka kuliko ulivyoset. Inabidi usimame ukaze tena na bisibisi.

Afu goti la kushoto likaanza kuvuja, mstari mwembamba mweusi wa oili na vumbi kwenye fimbo ya pistoni. Wauzaji wakasema ni jasho. Nikafuta kwa kitambaa cheupe, kesho yake upo tena, nikawatumia picha, ndo wakabadilisha sili (mpira wa kuzuia oili isivuje), siku tisa nimekaa bila kifaa.

Nyota tatu. Kama kazi yako ni kushuka na mzigo, nunua, ila kwa tambarare subiri yenye valvu inayojifungua mguu ukinyanyuka.