Sato wa kukaanga Ggaba: uzoefu wa mtu wa Pwani anayeishi Kampala

Mtu wa Mombasa akihamia Kampala, nyumbani humpa pole kwa kuikosa bahari. Pole hiyo siku hizi siipokei. Ggaba, kando ya Ziwa Victoria, pana banda la samaki karibu kabisa na mwalo, na Jumapili nikiwa na nafasi hunitafuti kwingine.

Kutoka mjini unapanda matatu (wenyewe huziita taksi), unapita Kabalagala, Kansanga na Bunga mpaka barabara inapoishia ziwani. Jumapili njia ni nyeupe. Ijumaa jioni usijaribu, foleni ya Kabalagala itakutoa roho.

Menyu hakuna. Unakwenda mwenyewe kwenye beseni, unachagua. Anayetafutwa na wengi ni sato, ambaye hapa ni ngege. Rafiki yangu wa Mwanza, ambaye kwa samaki wa ziwa hasemeshwi, humfunua mashavu kwanza: yakiwa mekundu, anampokea; yakiwa yamegeuka rangi, anamrudisha hata kama muuzaji amenuna. Wadogo huwaoni, hadharani angalau, kwa sababu sheria inataka sato asipungue inchi 11, na mwaka 2017 wanajeshi waliingizwa ziwani kuwafuatilia wavuvi haramu. Bei inakwenda na ukubwa, kwa hiyo mkubaliane kabla samaki hajaingia kwenye mafuta. Aliyetushibisha sisi wawili, pamoja na chipsi, alitugharimu shilingi 40,000 za Uganda.

Sasa tuje kwenye kukaanga, maana hapo ndipo pesa yangu inapokwenda kwa raha. Mama mpishi anamchanja samaki pande zote mbili, mikato ya mshazari inayofika mfupani, kisha anaisokomeza chumvi ndani ya kila mkato kwa kidole. Changu, samaki wa bahari wa kwetu, ukimsahaulia chumvi bado analika. Huyu wa ziwani ukimsahaulia, hana ladha. Bila mikato ile ungekuwa unatafuna pamba. Karai liko juu ya makaa, mafuta ni mengi, na samaki hatumbukizwi mpaka yachemke sawasawa. Anazama mzima, hageuzwi-geuzwi. Akitolewa, mkia na mapezi yamekauka kiasi cha kutafunwa, ndani mnofu ni mweupe na bado una maji yake. Unasubiri nusu saa, pengine zaidi. Anayekuja na njaa kali aagize kwanza chapati.

Kasoro zipo. Kachumbari ni nyanya na vitunguu tu, ndimu leo ipo kesho haipo, na ukwaju usiuulize. Mimi hubeba kichupa changu cha pilipili ya ukwaju kutoka nyumbani. Mwanzoni mama mpishi alikuwa akinicheka. Siku hizi ananiambia, “Ssebo (yaani bwana), kichupa kiache hapa,” na mimi najifanya sijasikia. Soda wanaiagiza duka la jirani na inarudi ikiwa imepandishwa bei. Mabanda yanayopakana kila moja lina spika yake na wimbo wake. Choo, afadhali ujibane. Na ukibahatika kufika jioni ambayo wale wadudu wadogo wa ziwani wametoka kwa wingi, hamia ndani mapema, maana wanafuata taa na hawachagui sahani.

Makalooli, wale korongo wakubwa wanaozunguka kwenye mifupa, wasiwatishe watoto, hawana shida na mtu, ila sahani usiiache peke yake.

Sangara wa hapo nimemla pia. Ana mnofu mnene na kwenye mchuzi ni mtamu, lakini vipande vyake wakivikaanga vinakauka mno. Bakini na sato. Kadi ya benki hawapokei. Njooni na pesa taslimu au pesa za kwenye simu.