Kijana Mkatoliki aanzie wapi: VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki) parokiani au jumuiya ya mtaani?
Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani majirani wanaosali pamoja, ambazo maaskofu wa AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki) walizipa kipaumbele mwaka 1976, humkalisha kijana pamoja na wazazi wake: nyumbani kwa jirani, mara nyingi Jumamosi asubuhi, Injili ya Jumapili mkononi. Tatizo ni muda. Michango ya fedha ikila dakika 30 kati ya 60, kijana anabaki kuchezea simu chini ya kitenge cha mama. Mpeni somo na swali moja la tafakari tangu Jumatano, michango ije mwishoni, dakika 10 basi.

VIWAWA humpa kijana wenzake wa rika. Humo ndimo maswali ya uchumba, ajira na pombe huulizwa bila kumkwepa baba macho. Lakini kikao cha baada ya Misa kikigongana na mazoezi ya kwaya, watu hutawanyika saa 1 usiku, na nyumbani ugomvi. Mlezi awe na namba za wazazi. Kikao kifungwe saa 10 jioni.

Kwa aliye chini ya miaka 18, jumuiya kwanza. Anayejitegemea aanze na VIWAWA, ila asipotee jumuiyani: siku ya kuandikisha ndoa, paroko huuliza anasali jumuiya gani.